Chai ya Langoni

Mwizi aliacha kamera tatu za Kijerumani, saa ya dhahabu ya marehemu mke wa mwenye nyumba, na kompyuta mpya iliyokuwa bado ndani ya boksi. Alichochukua kilikuwa chepesi kuliko tiketi ya treni: ukanda mmoja wa filamu, urefu wa shibiri moja, wenye picha sita.

Inspekta Hayat Muhiddin alisimama katikati ya chumba cha nyuma katika nyumba ya Mahendra Raval, mtaa wa tatu kutoka stesheni ya Ilford. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Rafu zilipanda kutoka sakafuni hadi darini, na juu yake yalipangwa majalada meusi mia mbili na kumi na mawili, kila moja limeandikwa mwaka mgongoni. Chumba kilinuka siki, harufu ya filamu kuukuu.

"Umegusa kitu, mzee?"

"Nimegusa kila kitu. Ni chumba changu."

Mahendra alikuwa na miaka sabini na minane, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake hakikuwahi kuhama huko. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mpiga picha wa Evening Lantern, gazeti la jioni la London lililokufa kabla simu hazijaanza kupiga picha.

Sajenti Jennifer Clarke alikuwa amepiga magoti mbele ya rafu, brashi ya kuinulia alama za vidole mkononi. Alizungumza Kiingereza, lugha pekee aliyokuwa nayo.

"Mlango haukuvunjwa. Madirisha ni mazima. Alama za vidole ni za mzee peke yake. Mwizi alivaa glavu."

"Umegundua lini?" Hayat alimuuliza Mahendra.

"Leo asubuhi. Jana nilikwenda kliniki ya macho. Niliondoka saa tatu, nikarudi saa nane mchana."

"Nani alijua kwamba hutakuwepo?"

"Zulfikar, mwenye studio hapo barabarani. Ndiye ananisaidia kuingiza filamu zangu kwenye kompyuta kwa ajili ya maonyesho ya mwezi ujao. Na Harith, rafiki yangu wa Lewisham. Yeye hunikumbusha kila miadi ya daktari kama vile ni mke wangu. Na yule binti wa Hounslow, Sandeep. Alitaka kuja jana, nikamwambia sitakuwepo."

"Nani ana ufunguo?"

"Zulfikar anao. Harith anao tangu mke wangu alipofariki."

"Na ukanda uliopotea una nini?"

Mahendra alikwenda ukutani, akateremsha fremu yenye ukurasa wa mbele wa gazeti, manjano kama chai ya maziwa. Machi 1983. Picha ilisimama wima, imejaza nusu ya ukurasa. Mwanamke wa Kihindi aliyejifunga sari juu ya koti la baridi alikuwa anampa polisi kijana kikombe cha chai mbele ya lango la kiwanda. Polisi alikuwa amevua glavu ili akipokee. Mikono yao ilikuwa inakaribia kugusana.

Hayat aliijua. London nzima iliijua. Mama yake aliwahi kuwa nayo jikoni, kwenye kalenda aliyogoma kuitupa hata baada ya mwaka kwisha. Watu waliiita *Chai ya Langoni*.

"Ndiyo hiyo," Mahendra alisema. "Maisha yangu yote watu wamenikumbuka kwa picha moja. Sasa sina hata filamu yake."

*

Mkuu wa kituo alimpa Hayat hadi Jumatatu. Kipande cha filamu, alisema, si maiti.

Saa nane mchana Hayat alikuwa Hounslow, kwenye sebule ndogo ambamo kila baada ya dakika mbili ndege zilizokuwa zinashuka zilimeza mazungumzo. Sandeep Kaur Sandhu alikuwa muuguzi, miaka hamsini na moja, bado amevaa viatu vya kazini. Kiswahili alikielewa kwa sababu wazazi wake walitoka Nakuru, lakini majibu yake yalikuja kwa Kiingereza. Mama yake, mwenye umri wa miaka themanini na minne, alikaa kwenye kiti cha dirishani, shali miguuni.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Wodini. Saa moja hadi saa tisa. Waulize."

"Ulimwandikia mzee Mahendra barua tatu. Ulikuwa unataka nini?"

"Kuiona picha nzima. Ile ya gazetini imekatwa."

"Unajuaje?"

"Baba alisema."

Alieleza kwa sentensi fupi, kama mtu aliyekwisha kueleza kwenye ofisi nyingi. Baba yake, Gurdial Singh, alikuwa dereva wa kiwanda cha Brookmead, kilichofua mashuka na blanketi za ndege. Wafanyakazi waligoma. Asubuhi moja ya Machi msimamizi alipigwa chuma uani nyuma ya kiwanda, akapoteza jicho. Saa haikuwa na ubishi: alianguka wakati king'ora cha zamu kinalia, saa moja na dakika ishirini. Akasema amemwona Gurdial.

"Alimwona sura?"

"Aliona kilemba."

"Wenye vilemba pale kiwandani walikuwa wangapi?"

"Kumi na wanne."

Gurdial alisema mahakamani kwamba saa ile alikuwa lango la mbele, ameshika birika, na kwamba kulikuwa na mpiga picha aliyemwelekezea kamera. Wakili wake aliliandikia gazeti. Gazeti likajibu kwamba hakuna picha nyingine. Alihukumiwa miaka mitatu. Alipotoka alikuwa amepoteza leseni, kazi, na sauti yake. Alifariki mwaka 2009.

"Kuna tume inayopitia hukumu za zamani," Sandeep aliendelea. "Wamekubali kulisikiliza shauri. Wanataka ushahidi mpya kabla mwezi huu haujaisha."

Mama yake aligeuka kutoka dirishani. Alizungumza Kiswahili cha Nakuru, polepole, na ndege ilipopita alingoja ipite.

"Mimi sikuhitaji picha, mwanangu. Mimi nilimwamini siku zote. Lakini watu wa gurdwara, hekalu letu, walihitaji. Miaka yote ile alikuwa anakaa karibu na mlango, ili asimsumbue mtu."

Hayat alifunga daftari. Njiani kurudi stesheni alimpigia simu Jennifer.

"Hii si kesi ya wizi tu tena. Ule ukanda ni ushahidi. Rudi Ilford ukague kila ukurasa wa lile jalada lenye filamu za Machi 1983. Usiache hata mmoja."

*

Studio ya Zulfikar ilikuwa katikati ya duka la vitambaa na duka la simu. Zulfikar alikuwa na miaka hamsini, tumbo mbele, kamera ya pasipoti shingoni. Foleni ilifika mlangoni.

"Jana asubuhi nilikuwa hapa hapa. Watu thelathini na mmoja wa pasipoti. Kila picha ina saa yake. Angalia mwenyewe."

Hayat aliangalia. Kati ya picha moja na nyingine haukupita muda wa kunywa maji, sembuse kutembea mitaa mitatu na kurudi.

"Ufunguo?"

"Huu hapa. Na nikuulize, Inspekta. Jumatatu Mzee Mahendra alikuwa aniletee filamu hiyo yeye mwenyewe, mkononi. Mimi niiibe Ijumaa ya nini?"

"Lebo za kurasa za majalada yake zimeandikwa Kigujarati. Unakisoma?"

"Nakisoma. Zamani wapiga picha walikuwa wanaibiana filamu, ndiyo maana akaandika kwa herufi za mama yake. Hata watu wa gazeti lake hawakujua kilichomo." Alisita. "Kwa hiyo mimi peke yangu ningeweza kuitafuta. Ndivyo unavyofikiri?"

"Ndivyo nilivyokuwa nafikiri hadi saa moja iliyopita."

Saa moja iliyopita Jennifer alikuwa amempigia. Katika jalada la pili la mwaka 1983 alikuta nyuzi nyeupe za pamba, za glavu. Hazikuwa kwenye ukurasa mmoja. Zilikuwa kwenye kurasa kumi na saba mfululizo, kuanzia tarehe mosi Machi. Katika kila ukurasa kila ukanda ulikuwa umevutwa nje kidogo ya mfuko wake, kisha ukarudishwa kwa uangalifu. Kwenye ukurasa wa kumi na saba, ukanda wa nne haukuwepo. Baada ya hapo nyuzi zilikoma.

"Mtu anayesoma lebo angekwenda moja kwa moja," Hayat alisema. "Huyu hakuweza kusoma. Alikuwa anapapasa kingo za filamu, moja baada ya nyingine, mpaka akapata alichokuwa anakitafuta. Alitafuta nini ukingoni?"

Zulfikar alivua kamera shingoni, akaiweka mezani taratibu.

"Pengo," alisema. "Filamu za magazeti zina mapengo. Mhariri wa picha akichagua picha alikuwa anakata pengo dogo ukingoni, karibu nayo, ili mtu wa chumba cha giza aipate kwa kidole, bila taa. Lakini kila filamu iliyochapishwa ina pengo. Muulize mzee. Hiyo ni kazi ya zamani kuliko yangu."

*

Mahendra alikuwa jikoni, mbele ya sahani ya dengu ambayo hakuigusa. Hayat alimweleza habari za nyuzi. Mzee alisikiliza, kisha akauliza kitu ambacho Hayat hakukitegemea.

"Aliirudisha kila moja mahali pake?"

"Kila moja."

"Hakuna iliyokwaruzwa?"

"Jennifer anasema hakuna."

Mahendra alitazama mikono yake.

"Sisi tulikuwa na dakika kumi na moja," alisema. "Pikipiki inaleta filamu kutoka mtaani. Inaoshwa. Bado mbichi inawekwa kwenye meza ya mwanga. Kule nje mitambo ya kuchapa imekwisha kuanza kuguruma, sakafu inatetemeka mpaka kwenye magoti. Dakika kumi na moja. Na pale mezani ameinama mtu mmoja, kioo cha kukuzia jichoni, koleo mkononi. Ile koleo aliinunua sokoni Lewisham, ya kutobolea tiketi za basi. Ilikuwa inakata pengo kama mwezi mwandamo. Pengo moja, picha ya kurasa za ndani. Mapengo mawili, ukurasa wa mbele."

"Machi 1983, kurasa zako za mbele zilikuwa ngapi?"

"Moja."

Nje mtu alipita akiburuta sanduku la magurudumu.

"Tulikuwa wawili tu mle ndani tunaojua Kiswahili," Mahendra aliendelea. "Mkuu wetu amesimama nyuma yetu, Mwingereza mrefu kama mlingoti, na sisi tunamsengenya machoni pake. Nikileta picha mbaya, jamaa anasema, 'Mahendra, leo ulipiga picha au ulipiga usingizi?' Nikileta nzuri hasemi kitu. Anakata mapengo mawili, basi. Nilikuwa nasikia ule mlio, *ta, ta*, najua leo nimekula ukurasa wa mbele. Mshahara haukuwahi kunifurahisha vile."

"Jina lake, mzee."

"Unalijua."

"Nataka ulitaje wewe."

Mahendra alivaa miwani, akaivua tena.

"Harith. Nilimpigia simu Jumatano. Nikamwambia kuna binti anauliza habari za ile chai, na kwamba Jumatatu Zulfikar ataiingiza kwenye kompyuta nzima, bila kukatwa. Akasema vizuri. Akanikumbusha kliniki."

*

Jumapili asubuhi nyumba za ibada za Lewisham zilikuwa zinaimba kila upande. Hayat na Jennifer walipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Mlango ulifunguliwa kabla hawajagonga mara ya pili.

Harith Masoud alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kiua. Miaka themanini kasoro mmoja. Aliondoka Unguja kijana, baada ya mapinduzi, na hakuwahi kurudi kuishi. Sebuleni kwake kulikuwa na kahawa tayari, na kuta zake zilikuwa tupu. Hakuna picha hata moja.

"Shikamoo, ammi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Wazee wangu wa Wete."

"Basi u wetu. Kaeni."

Hayat hakukaa mpaka alipomsomea maelezo ya onyo: kwamba halazimiki kusema chochote, na kwamba atakachosema kinaweza kutolewa mahakamani. Alisema anaweza kungoja wakili. Harith alitikisa kichwa.

"Ijumaa asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hukutoka?"

"Dukani tu. Maziwa."

"Ilford ulifika lini mara ya mwisho?"

"Mwaka mpya, nadhani."

Jennifer aliweka karatasi mezani, kando ya bilauri ya kahawa.

"Hii ni rekodi ya pasi yako ya wazee ya treni," Hayat alisema. "Ijumaa. Umeingia stesheni ya Lewisham saa tatu na dakika sita. Umebadilisha treni. Umetoka Ilford saa nne na dakika kumi. Umeingia tena Ilford saa tano kasoro dakika tano. Maziwa ya Ilford ni mazuri kuliko ya hapa?"

Harith aliitazama karatasi bila kuigusa.

"Wamekuwa hodari siku hizi," alisema. "Zamani ilibidi umfuate mtu kwa miguu."

"Ammi, uko wapi ule ukanda?"

"Mahendra anajua?"

"Jina lako amelitaja yeye."

Kwa mara ya kwanza uso wa mzee ulibadilika. Kisha aliinuka, akaenda kabatini, akarudi na bahasha. Ndani yake mlikuwa na mfuko mpya wa plastiki usio na vumbi, na ndani ya mfuko ukanda wa filamu. Juu yake zimekunjwa glavu nyeupe za pamba.

Hayat aliuinua mbele ya dirisha. Picha ya tatu ilikuwa na mapengo mawili ukingoni. Weupe ulikuwa weusi na weusi weupe, lakini aliitambua mikono miwili na kikombe katikati. Upande wa kushoto, mahali ambapo picha ya gazeti ilikuwa inaishia, kulikuwa na mtu wa tatu. Juu ya kichwa chake, ukutani, duara la saa.

"Niambie," alisema.

"Nilimkata kwa kalamu ya nta nyekundu," Harith alisema. "Mistari minne juu ya picha, dakika isiyozidi moja. Kushoto alisimama Singasinga mmoja ameshika birika, anacheka. Mtu mzuri. Tatizo lilikuwa hilo. Jicho lilikuwa linakwenda kwake, na mimi nilitaka liende kwenye mikono. Nikamkata, picha ikapumua. Mpaka leo nasema ulikuwa uamuzi sahihi. Ile haikuwa dhambi, mwanangu. Ile ilikuwa kazi."

"Dhambi ilikuwa ipi?"

"Ilikuja wiki kumi baadaye, kwa posta. Barua ya wakili. Je, gazeti lina picha nyingine ya asubuhi ile langoni, inayomwonyesha mwanamume mwenye birika? Niliisoma nimesimama. Nilikumbuka saa ya ukutani, hata mishale yake ilikuwa inaelekea wapi."

"Mahendra alikuwa wapi?"

"Beirut. Alitumwa miezi minne. Barua hakuiona, kesi hakuisikia. Nilimpelekea mkuu. Akasema gazeti letu haliwapi mawakili filamu, leo ukimpa huyu kesho polisi watataka zote. Akasema jibu kwamba hatuna. Nikamwambia tunayo. Akanitazama. Akaniuliza, 'Harith, karatasi zako za uraia zimefikia wapi?'"

Jennifer alimwangalia Hayat. Hayat aliliandika swali lile daftarini, neno kwa neno.

"Nilikuwa na miezi sita kwenye kile kiti," Harith alisema. "Kabla yangu hapakuwahi kukaa mtu mwenye rangi yangu. Mke wangu ana mimba. Pasipoti yangu ni karatasi ya mkimbizi. Nikaandika: *Gazeti halina picha nyingine.* Nikatia saini. Sentensi moja. Nimehariri maelfu ya picha, nimeshinda tuzo, nimewafundisha vijana ambao leo ni wakubwa. Nikilala nakumbuka sentensi ile."

"Ulijua alifungwa?"

"Niliichapisha mimi mwenyewe picha yake akiingizwa kwenye gari la magereza. Ukurasa wa saba. Safari hiyo hakuwa anacheka."

"Na baadaye? Gazeti lilipokufa, mkuu alipokufa, uraia ukaupata. Kwa nini hukusema?"

"Kila mwaka nilisema mwaka huu. Halafu nikasikia amekufa, nikasema sasa kuna faida gani. Mtu hudhani woga una mwisho, mwanangu. Unabadilisha nguo tu. Kwanza niliogopa kufukuzwa nchi. Mwisho wake nilikuwa naogopa jambo moja, Mahendra asijue. Angeiona picha nzima, angeuliza, na barua yangu ipo kwenye jalada la mahakama. Sina ndugu London zaidi ya yule."

"Kwa nini hukuichoma?"

Harith alicheka bila sauti.

"Ijumaa niliwasha jiko. Jana nikaliwasha tena. Nimeishika hivi, kwa kingo, kama tulivyofundishwa. Mkono umekataa. Nikashuka dukani nikainunulia mfuko mpya, ule wa zamani ulikuwa unaiharibu."

*

Harith Masoud alishtakiwa kwa wizi na kwa kuficha ushahidi, akaachiwa kwa dhamana kwa sababu ya umri. Aliandika maelezo ya kurasa tisa kwa ajili ya tume, kwa mkono wake, bila kumlaumu mkuu wake zaidi ya mstari mmoja.

Jumatatu, kama ilivyokuwa imepangwa, ukanda ulifika kwenye studio ya Zulfikar, sasa ukiwa ndani ya mfuko wa polisi. Alifunga duka. Mahendra alikaa mbele ya skrini, Sandeep nyuma yake amemshika mama yake bega. Hayat alisimama mlangoni.

Picha ilijitokeza pole pole kutoka juu. Kwanza ukuta. Kisha saa: saa moja na dakika ishirini kamili. Kisha kilemba, uso, meno. Gurdial Singh alikuwa na miaka arobaini na mmoja, birika linafuka mvuke mkononi, ameegemeza kichwa nyuma. Kuna mtu nje ya picha alikuwa amesema jambo la kuchekesha.

"Sijawahi," Sandeep alisema, na safari hii alisema kwa Kiswahili. "Sijawahi kumwona anacheka hivi."

Mama yake aliisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa. Alikaa hivyo muda mrefu. Mahendra alianza kuomba radhi kwamba hakujua, kwamba filamu ilikuwa kwake miaka yote ile, mita mbili kutoka kitanda chake. Bibi aliinua kidole kumnyamazisha, bila kugeuka.

"Ngoja kwanza, bwana," alisema. "Bado namtazama."

Tume iliipokea picha siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Ingechukua muda, walisema, lakini hawakuficha kwamba walikuwa hawajapata kuona ushahidi ulio wazi namna ile.

Wiki moja kabla ya maonyesho Mahendra alikuja kituoni. Masharti ya dhamana hayakumruhusu Harith kuonana naye, wala yeye hakutaka kumwona bado. Alimkabidhi Hayat nakala kubwa ya picha, ikiwa imelala, nzima, pamoja na kadi nyeupe isiyoandikwa kitu.

"Mpelekee," alisema. "Mimi napiga picha tu. Maelezo ya chini alikuwa anaandika yeye siku zote. Mwambie aandike."

"Umemsamehe?"

"Sijui. Mwambie aandike."

Hayat aliipeleka Lewisham mchana huo huo. Harith aliiweka picha mezani, akaiangalia kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu. Aliomba kalamu. Aliandika kwa mwandiko mdogo ulionyooka, bila kufuta, kama mtu ambaye mitambo inamngoja chini:

*Kutoka kushoto: Gurdial Singh Sandhu, dereva; mwanamke mfanyakazi wa kiwanda; konstebo wa polisi. Lango la mbele la Brookmead, Hounslow, Machi 1983, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Bwana Sandhu alifungwa kwa kosa lililotendwa uani nyuma ya kiwanda dakika hiyo hiyo. Picha: Mahendra Raval.*

Alisimamisha kalamu. Hayat alidhani amemaliza, akanyoosha mkono kuichukua kadi. Mzee alimwashiria asubiri. Wahariri wa picha hawatii majina yao chini ya picha. Katika miaka yake yote ya kazi Harith hakuwahi kutia lake. Aliinama tena, akaongeza mstari wa mwisho.

*Aliyemkata: Harith Masoud.*